Mlima Mfu

Ukitaka kumtambua aliyepanda Mlima Hanang na anayesimulia ya kusikia, usimuulize habari za kileleni. Muulize alibeba maji lita ngapi. Aliyepanda atakutajia hesabu papo hapo, na huenda akakuongezea manung'uniko bila kuombwa. Kwa njia ya Jorodom, inayoanzia nyuma ya mji wa Katesh, wakati wa kiangazi ukishayaacha mashamba usitegemee kijito wala chemchemi. Utakayokunywa hadi kesho yake ni yale uliyotoka nayo chini.

Sisi tulikuwa watano, pamoja na mwongozaji na wapagazi watatu, na tulitoka na lita 30 katika madumu matatu, mbali na chupa za kila mtu. Ilipofika saa sita mchana tulibaki na ishirini na kitu. Dumu moja la njano, lililowahi kuwa la mafuta ya kula, lilikuwa na ufa mwembamba kama uzi kwenye mshono wa kitako. Maji yalikuwa yakivuja tone kwa tone mgongoni mwa kijana aliyelibeba, naye kwa jua lile alidhani ni jasho lake. Mwongozaji hakugomba. Alilipindua dumu, akaukausha ufa kwa pindo la shati, akatoa mfukoni kipande cha sabuni ya mche na kuusugua mpaka ukaziba. Kisha akakaza mfuniko na kuamuru dumu libebwe kichwa chini miguu juu. Nikamuuliza kama mlimani huwa anakuja na sabuni kwa ajili ya kuoga.

"Kuoga nani, dada?" akasema. "Sabuni ni fundi."

Tulikuwa tumefika Katesh Ijumaa jioni kwa basi kutoka Arusha. Barabara ni ya lami mwanzo mwisho: unapita Makuyuni na Minjingu, unafika Babati, halafu unaishika njia ya Singida. Kabla ya Katesh mlima unaanza kukutazama upande wa kulia, nao hauna mwenzake. Kilimanjaro ina Mawenzi ubavuni, Meru ina Meru Ndogo, lakini Hanang imejisimamia peke yake katikati ya tambarare, mita 3,417 juu ya usawa wa bahari. Kwa Tanzania ni ya nne, baada ya Kilimanjaro, Meru na Loolmalasin. Pamoja na hayo, ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba wikiendi unakwenda kupanda Hanang, atakuuliza ni wilaya au ni mlima. Ni vyote viwili, na Katesh ndiyo makao makuu ya hiyo wilaya, katika Mkoa wa Manyara.

Kwa mtu mwenye kazi ya kuajiriwa, mlima huu una sifa moja inayoishinda mingine yote mirefu: unapandika Jumamosi na Jumapili. Kilimanjaro itakuomba siku tano au sita, na mshahara wa miezi. Hanang wenye mapafu huimaliza kwa siku moja, wanatoka alfajiri na kurudi usiku wakitembea kama wazee. Wenye akili wanalala njiani. Kibali hutolewa na Wakala wa Huduma za Misitu, kwa kuwa mlima ni hifadhi ya mazingira asilia, na kupanda bila mwongozaji si ushujaa, ni kutafuta kutafutwa. Njia zinagawanyika, nyasi zinazifunika, na ukungu ukishuka hata anayechunga ng'ombe pale kila siku hukaa chini akasubiri.

Mwongozaji wetu alikuwa kijana wa Kidatoga, mwembamba, aliyevaa koti la suti juu na viatu vya matairi chini. Wadatoga wa eneo hili ni Wabarabaig, wafugaji. Wageni wengi huwaita Wamang'ati bila kujua kwamba jina hilo walipewa na Wamasai, na maana yake ni adui. Mwenzetu mmoja alilitumia pale gesti asubuhi, kwa nia njema kabisa, akataka kujua "ninyi Wamang'ati mnasalimianaje." Kijana akamwamkia, "Shikamoo mwalimu," akatabasamu, na jina lile halikurudi tena safarini.

Huyo mwenzetu alikuwa mwalimu wa jiografia, karibu anastaafu. Miaka yote amefundisha kwamba volkano ziko za aina tatu: hai, tulivu na mfu. Alitaka kabla hajaondoka kazini akanyage moja ya kila aina. Ya hai alikwishaiona: Oldoinyo Lengai, ule mlima wa Mungu wa Wamasai kule Ziwa Natron, ambao ndio pekee duniani unaotoa zaha nyeusi ya magadi, nyepesi kama oili, inayogeuka nyeupe baada ya kupigwa na unyevu. Ya tulivu ni Meru, aliyoipanda ujanani. Mara ya mwisho ilitoa majivu mwaka 1910. Ilibaki maiti, nayo ndiyo hii.

"Hii tunayoikanyaga," alituambia tulipopumzika mara ya kwanza, huku akifuta miwani, "ilizimika kabla binadamu kama sisi hajakuwapo. Karibu miaka milioni moja. Haina moto, haina moshi, haina kitu. Mfu."

Mwongozaji alisikiliza kwa adabu. Hakujibu wakati ule.

Njia yenyewe haina maelezo mengi. Mwanzo ni mashamba ya mahindi yaliyokwishavunwa, ng'ombe wanaokula mabua, watoto wanaoomba kalamu. Halafu mwinuko unaanza na hauombi radhi. Katesh iko kwenye mita kama 1,700 hivi, maana yake ni kwamba kilomita moja na zaidi ya nusu ya kwenda juu inakusubiri, na Jorodom hainyookei pembeni kuizunguka, inapanda tu. Udongo ni wa kijivu, laini kama unga wa muhogo, na mguu ukiteleza nusu hatua unarudi hatua nzima. Upande huu wa mlima ni mkavu. Msitu mnene uko upande unaopokea upepo wa mvua. Huku unapita vichakani, kisha kwenye miti iliyokunjamana yenye ukoga wa kijani unaoning'inia kama ndevu za babu, kisha nyasi ndefu zenye miiba midogo inayohamia soksi na kukaa humo kama mpangaji asiyelipa kodi.

Katikati ya nyasi hizo ndipo tulipovuka korongo. Lilikuwa jeupe, kama mtu amechubua ngozi ya mlima kwa kiwembe toka juu hadi chini. Mawe makubwa kama friji yalikuwa yamekaa ovyo, mengine juu ya mengine, na hakuna hata moja lililoota kuvu. Mwalimu akaokota kipande cha ukubwa wa kiazi atuonyeshe. Alianza kutueleza kwamba mwamba wa volkano za huku ni wa aina ya pekee, una chumvichumvi nyingi na silika kidogo, ndiyo maana... Hakumaliza. Kipande kilimvunjikia mkononi. Alikibonyeza kwa kidole gumba, kikawa vumbi la rangi ya kahawia, unyevunyevu kwa ndani ingawa jua lilikuwa la saa nane.

Mwongozaji akasema, "Hapa ndipo ulipotokea. Mmojawapo."

Hakuhitaji kutaja nini. Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili, baada ya mvua za vuli zilizozidishwa na El Niño, sehemu za mlima huu zilimeguka zikashuka zikiwa tope, mawe na magogo. Zilifuata mikondo ya maji mpaka Gendabi, Jorodom na Katesh mjini, zikapita sokoni, zikapita ndani ya nyumba za watu waliokuwa bado wamelala. Waliokufa walizidi 80. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, alikatisha safari akarudi. Picha za siku zile wengi tunazikumbuka: bati zimejikunja kama karatasi, na askari wa jeshi wakichimba kwa majembe ya mkono.

Kuna jambo la siku zile ambalo watu wa mbali wamelisahau. Kwa saa kadhaa, na katika simu za watu kwa siku kadhaa, ilisemekana kwamba Hanang imelipuka. Haikuwa ujinga. Mlima ni volkano, kila mtoto wa Katesh anafundishwa hivyo shuleni. Umenguruma, umetema kitu kizito cha moto au cha baridi nani atajua gizani, umeua. Ungefikiri nini? Serikali ililazimika kuwaleta wataalamu wa jiolojia na kutangaza kwamba hapakuwa na mlipuko wowote. Palikuwa na sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu iliyonyonya maji mpaka ikashindwa kujibeba, ikameguka, ikawa tope.

Maelezo hayo ni sahihi, na kipande kile mkononi mwa Mwalimu kilikuwa ushahidi. Volkano inapozimika, kinachoacha kufanya kazi ni moto. Maji ndiyo kwanza yanaripoti kazini. Kwa maelfu ya miaka mvua inaingia kwenye nyufa za zaha na tabaka za majivu, inayageuza madini kuwa udongo, na mwamba unabaki na sura ya mwamba huku ndani umekuwa kama muhogo uliooza. Mteremko ukiwa mkali, na huu ni mkali, unangoja tu mvua iliyozidi kipimo. Volkano hai huangaliwa kwa vipimo na wanasayansi toka nchi za mbali. Ile iliyotangazwa mfu huangaliwa na wachunga ng'ombe.

Ndipo kijana akajibu hoja ya tangu asubuhi.

"Mwalimu, kilichokufa si hakihami? Hili jiwe," akaliwekea kiganja lile la ukubwa wa friji, "mimi nikiwa mdogo lilikuwa kule." Akanyoosha mkono juu, kwenye ukuta ambao shingo ilibidi ipinde kuuona. "Tulikuwa tunakaa kivulini kwake."

Mwalimu aliipangusa mikono kwenye suruali. Alichosema ni, "Twende, jua hilo."

Kambi yetu ilikuwa kwenye bega la mlima, mahali padogo pa tambarare, kiasi cha mita 2,700, ambapo mahema manne yanakaa kwa kubanana. Waliotangulia walikuwa wameacha mduara wa mawe yenye masizi na, samahani kulisema, makopo ya samaki. Nitawataja tu kwa dhambi yao. Mtu anabeba kopo lililojaa kwa saa sita kupandisha, anashindwa kulishusha likiwa tupu.

Hapa nitakaa kidogo kwenye chakula, kwa sababu ndicho kilichotugombanisha. Muuguzi wa msafara wetu, mwanamke wa Singida asiyependa mzaha na tumbo, alikuja na maharage makavu. Alisema maharage ni mepesi kubeba na yana nguvu. Yote kweli. Ila kadiri unavyopanda, hewa inapungua uzito wake na maji yanachemka mapema: kwenye kimo kile huchemka kwenye nyuzi 90 na kitu kidogo badala ya 100. Yanatokota, yanafoka, yanakudanganya kabisa, lakini hayana joto la kutosha kulilainisha haragwe. Baada ya saa mbili tulikuwa na supu ya kokoto. Kibaya zaidi, zilikuwa zimekunywa lita tatu za yale maji yetu ya hesabu. Wapagazi, waliokuwa wameyatazama maharage yale tangu Katesh bila kusema neno, walitoa unga wao wakasonga ugali, wakachoma vipande vya nyama ya mbuzi iliyokwisha kaushwa nusu, wakatukaribisha. Tulikula kwa aibu na kwa kasi.

"Mbona hamkutuambia?" muuguzi akauliza.

"Dada, umeyaosha mwenyewe, umeyachambua mwenyewe," mpagazi mkubwa akamjibu. "Tukuvunje moyo?"

Jua likazama na baridi ikaja kama mlango umefunguliwa. Hesabu ya jumla ni kwamba kila mita 1,000 unazopanda zinakunyang'anya nyuzi sita au zaidi kidogo. Juni Katesh yenyewe jioni inataka sweta, kwa hiyo jumlisha. Nililala na soksi mbili, kanga mbili kichwani na mfuko wa kulalia ambao aliyenikodisha aliuita wa milima mirefu, nami sasa najua alimaanisha milima ya Dodoma. Chini yetu taa za Katesh zilikuwa chache, zimekaa mstari kando ya barabara. Fisi alilia mara mbili mbali upande wa mashamba. Katika hema la pili Mwalimu na kijana walikuwa bado wanaongea kwa sauti ya chini, na nilichoambulia kabla usingizi haujanichukua ni Mwalimu akiuliza, si akieleza. Alikuwa anauliza nyumba ya kina fulani ilikuwa upande gani wa mto.

Tuliamshwa saa tisa usiku. Chai ya tangawizi, mikate miwili, kila mtu na tochi yake kichwani. Kutoka begani hadi kileleni hakuna mbali kwa macho, lakini mgongo wa mlima unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, mwembamba, kulia giza na kushoto giza, na kila kichuguu unachokifikia kinajifanya ndicho kilele. Nilihesabu vilele vya uongo vitano. Kuna "hapo tu" ya mjini, ambayo ni dakika kumi, na kuna "hapo tu" ya kijijini, ambayo ni saa moja. Ya mwongozaji wa mlima haipimiki kwa saa. Inapimika kwa sura ya anayeuliza. Akikuona bado una nguvu ni "bado kidogo." Akikuona umeanza kunyamaza ni "hapo tu." Alipoanza kuniambia "tumefika" nilijua nimechoka vibaya.

Mwalimu alipanda taratibu kuliko sisi sote na hakusimama hata mara moja. Mimi nilisimama mara nyingi, nikisingizia kamba za viatu.

Kileleni pana nafasi ya watu kumi wanaopendana. Tulifika mwanga ukiwa wa kijivu, na saa kumi na mbili na nusu zilipopita jua likachomoza, likatuonyesha tulikokuwa. Chini yetu kulikuwa na kasoko la zamani, lakini usitegemee bakuli zuri la duara kama Ngorongoro. Ni kasoko lililobomoka, ukuta mmoja umekwenda na maji zamani, limebaki kama kikombe kilichovunjika mdomo, limejaa msitu na ukungu. Kaskazini Ziwa Balangida lilikuwa jeupe kwa chumvi chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, na ule ukuta wenyewe ndio sababu ya haya yote: hapa ardhi ya Afrika inavutwa pande mbili kama mkate wa kumimina, na ilipochanika, zaha ilipanda. Mstari wa volkano unaopita kwa Lengai unaishia huku kusini, kwa Hanang.

Kijana alitugeuza tutazame kaskazini-magharibi, kuelekea Basotu. Kulikuwa na mistari. Mashamba makubwa mno, yamenyooka kama yamechorwa kwa rula, yakikata tambarare ambayo kwingine kote haina hata kona moja. Ni mashamba ya ngano ya mradi wa serikali ulioanza miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada, ekari laki moja hivi zilizotwaliwa katika malisho bora ya Wabarabaig, pamoja na makaburi ya wazee wao, yale ya vichuguu vya udongo. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani wakashinda Mahakama Kuu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaupindua ushindi ule. Nilitarajia kijana aseme kitu kikali. Alisema ng'ombe wa babu yake walikuwa wanafika kule kwa siku mbili wakati wa masika, na nyasi zake zilikuwa tamu. Basi. Akaanza kugawa karanga.

Kushuka, wanasema, ni rahisi. Wanaosema hivyo wana magoti ya kukodi. Unga wa muhogo wa jana ulikuwa sasa barafu ya vumbi, na muuguzi alianguka mara nne, ya nne akakaa kabisa akateleza kwa makalio kama mtoto, akicheka peke yake. Maji yalikaribia kutuishia juu kidogo ya korongo. Kila mtu alikuwa na mafunda mawili chupani, na lile dumu la sabuni lilikuwa limebaki na lita moja hivi, halijavuja tena hata tone. Mwongozaji alilipeleka kwa Mwalimu kwanza, kwa mikono miwili, kama inavyompasa mdogo kwa mkubwa. Mwalimu akanywa kidogo akalipitisha kwa wapagazi.

Tulipofika korongoni Mwalimu alitangulia, akasimama kwenye lile jiwe. Akauinamia ukuta, akakadiria kwa kidole, kama afundishavyo ramani.

"Kivuli mlikuwa mnakaa saa ngapi?" akauliza.

"Mchana. Saa saba, saa nane. Mbuzi nao."

"Basi lilikuwa linatazama mashariki kidogo."

"Ndiyo, mwalimu. Mashariki kidogo."

Akatoa daftari, akaandika.

Katesh tulifika saa kumi jioni. Kwenye bomba la kwanza, nyumba ya kwanza ya mji, mama mmoja alikuwa akijaza ndoo. Alitutazama tulivyo weupe kwa vumbi, akaisogeza ndoo yake pembeni kabla hatujaomba. Kijana aliliweka dumu la njano chini ya maji, akalijaza nusu, akaligeuza kuangalia kitako. Sabuni ilikuwa imelowa imeanza kuachia. Akaikwangua kwa ukucha, akaipaka upya, akatuuliza kama tunalitaka dumu letu au anaweza kubaki nalo.